Kipande, Gunia na Faili: Historia ya Shaka Kando ya Mto Sagana

Mji wa Sagana, uliokua kando ya mto wa jina hilo na ya reli iliyofika Nanyuki mwaka 1930, uko mahali ambapo njia ya Karatina na Nyeri inapakana na tambarare za Mwea, na historia ya nchi inayouzunguka haitenganishwi na ile ya serikali iliyotaka kumjua kila aliyepita huku yenyewe ikikataa kujulikana. Shaka ya wakazi wake juu ya polisi, mahakama na daftari za serikali huitwa ukaidi mara nyingi, ilhali ushahidi unaonyesha kwamba ilifundishwa na ofisi zenyewe, tena kwa miongo.

Somo la kwanza lilikuwa kipande, yaani cheti cha usajili kilichotokana na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba ndani ya kikasha cha bati, aghalabu kikining'inia shingoni, kikiwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi huyo alihesabiwa mtoro na angeweza kukamatwa popote. Mwanaharakati Harry Thuku alikipinga, akakamatwa, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi mwezi Machi 1922. Sheria ya mwaka 1947 ilipotaka watu wa rangi zote wasajiliwe, walowezi wa Kizungu waligoma kutoa alama za vidole, nayo serikali ikawalegezea masharti, jambo ambalo Waafrika waliliona waziwazi.

Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 kwa ajili ya kuwakabili Mau Mau, waasi waliopigana na utawala wa kikoloni, iliongeza upelelezi hadi ndani ya nyumba. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 familia za Nyeri, Murang'a, Kiambu na Embu, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha maeneo ya Ndia na Gichugu, zilihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa, na kufikia mwisho wa mwaka 1955 zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wakiishi humo chini ya amri za kutotoka nje. Katika uchujaji, yaani mahojiano ya kutenganisha watiifu na washukiwa, watu walipitishwa mbele ya gakunia, mpelelezi aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, ambaye kwa kutikisa kichwa tu alimpeleka jirani yake kizuizini bila kutaja jina, sababu wala ushahidi. Haki ya kumjua anayekushtaki, ambayo ndiyo msingi wa kesi yoyote, ilifutwa hapo, na mtu aliyeshuhudia ndugu yake akiondoka kwa namna hiyo hakuwa na sababu ya kuiamini ofisi iliyofuata.

Waliolinda vijiji hivyo, maarufu kama homugadi, walipewa silaha na mamlaka bila msimamizi wa kweli. Mwaka 1954 Jaji Cram alikemea mateso yaliyofanywa katika kituo chao cha Ruthagathi, karibu na Karatina, na kamishna wa polisi Arthur Young, aliyetaka wahalifu wa upande wa serikali wachunguzwe kama wengine, alijiuzulu Desemba mwaka huo. Wiki chache baadaye, tarehe 18 Januari 1955, Gavana Evelyn Baring alitangaza msamaha uliowakinga homugadi na mashtaka ya makosa ya nyuma. Mwaka 1957 Waafrika walipowachagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza kuthibitisha utiifu wao ndipo wapige kura.

Mwaka huohuo wa 1957, kuhusu kambi za Mwea ambako wafungwa walichimba mifereji ya mashamba ya mpunga, Mwanasheria Mkuu Eric Griffith-Jones alimweleza Baring kwa maandishi jinsi wafungwa wapya walivyotiishwa kwa nguvu, akishauri ni sehemu zipi za mwili zisipigwe; mlinzi wa sheria alikuwa akiipimia dhuluma mipaka badala ya kuikomesha. Utaratibu huo ulipopelekwa kambi ya Hola, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959, na taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kuwa chanzo kilikuwa maji waliyokunywa.

Kabla ya uhuru wa 1963 faili zipatazo 1,500 ziliondolewa Kenya na kufichwa Uingereza, ambako kuwepo kwake kulikiriwa mwaka 2011 tu, baada ya wazee wa Kenya kuishtaki serikali ya nchi hiyo. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa madai ya watu 5,228. Kenya yenyewe iliendeleza marufuku ya Mau Mau hadi mwaka 2003, na ilipoanza kukusanya alama za vidole kwa ajili ya kadi za utambulisho za Huduma Namba mwaka 2019, watu walikwenda mahakamani. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliubatilisha utoaji wa kadi hizo kwa kuwa athari zake kwa faragha hazikutathminiwa kwanza. Faili za Hali ya Hatari zimehifadhiwa Kew, London, na nakala zake kamili zinastahili kuwekwa Nyeri na Kerugoya, ambako wajukuu wa waliochujwa wanaweza kuzisoma bila kuomba viza.