Kutoka Kichwani hadi Magurudumuni: Safari za Wapiga Picha wa Wanyama katika Nyika Kavu

Kabla gari halijafika Afrika Mashariki, kamera ya porini ilisafiri kichwani mwa mtu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi, na vifaa vya picha vya mwishoni mwa karne ya 19 vilimaliza wapagazi upesi: kamera ya mbao na miguu yake mitatu, masanduku ya vioo vilivyopakwa dawa, chupa za kusafishia picha, na hema la kuifanyia kazi hiyo gizani. Wapagazi waliosifika kuliko wote walitoka bara ya magharibi, yaani Wanyamwezi, Wasukuma na Wasumbwa, wenyeji wa ukanda ambao leo una mikoa ya Tabora, Shinyanga na Geita. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani na mzigo na kurudi salama kulikuwa karibu sawa na jando. Buseresere, mji wa wilaya ya Chato ulioungana na Katoro kiasi kwamba mgeni hajui ametoka mmoja saa ngapi na kuingia mwingine, uko ndani ya ukanda huo.

Mjerumani Carl Georg Schillings ndiye aliyeonyesha kwamba msafara mzima unaweza kufungwa kwa ajili ya picha. Kati ya 1896 na 1904 alisafiri mara kadhaa katika nyika za Umasai na bonde la mto Pangani, chini ya Kilimanjaro. Kazi yake kubwa ilikuwa ya usiku. Alimfunga punda au ng'ombe mahali simba walipopita, akatega kamera kwa uzi. Simba akiugusa, unga wa magnesiamu uliwaka kwa kishindo na kioo kikamnasa katikati ya mruko. Kitabu chake cha 1905, *Mit Blitzlicht und Büchse*, kimebeba mwanga wa kamera na bunduki katika jina moja, na ndivyo mambo yalivyokuwa: mtu yuleyule alipiga picha usiku na kupiga risasi mchana. Majina ya waliobeba vioo vile bila kuvivunja hayajulikani kwa wasomaji wa picha zake.

Gari lilibadili hesabu ya mizigo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mahali lilipopimwa kweli ni jangwa. Tanganyika haikuwa na jangwa kwa maana kamili. Jangwa liko kaskazini mwa Kenya: Kaisut, Chalbi na uwanda wa mawe meusi wa Dida Galgalu, nchi inayozunguka mlima Marsabit, ambao una msitu na ukungu. Mlimani humo kuna ziwa dogo ndani ya kreta ambalo Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, waliliona mwaka 1921 wakaliita Paradise. Walirudi 1924 wakakaa hadi 1927, na miongoni mwa waliowafadhili alikuwa George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak. Walikuja na magari aina ya Willys-Knight, lakini magari hayo hayakuwaondoa wapagazi, ngamia wala mikokoteni ya ng'ombe. Gari lilibeba kamera na watu. Vingine vyote vilifuata kwa miguu.

Petroli yenyewe ilikuwa mzigo. Katika miaka hiyo haikuuzwa kwa pampu porini bali katika debe, chombo cha bati cha lita 18 hivi, na madebe mawili yalikaa katika sanduku moja la mbao. Kila debe lililomiminwa kwenye tangi liliacha chombo kitupu, na hapo ndipo kambi ilipopata vyombo vyake: debe la kuchotea maji, debe la kuchemshia maji ya kuoga, debe lililopasuliwa likanyooshwa kuwa bati la kuokea mkate. Sanduku lilikuwa kiti, meza, kisha kuni. Historia ya kambi za magari Afrika Mashariki inaweza kuandikwa kwa debe peke yake, na pengine ingekuwa ya kweli zaidi kuliko ile ya tembo waliopigwa picha. Neno hilo, lililoingia Kiswahili kutoka lugha za Wahindi, lingalipo sokoni Buseresere, ambako mahindi hupimwa kwa debe na wapimaji wengi hawana habari kwamba kipimo chao kilitokana na chombo cha mafuta.

Kupiga picha jangwani kulikuwa na maadui watatu: joto, vumbi na maji. Filamu ya wakati huo ilikuwa ya naitreti, kitu kinachoshika moto haraka na kuharibika kwa joto. Ikikaa muda mrefu bila kusafishwa, picha hufifia. Kwa hiyo akina Johnson hawakuweza kuzurura tu na gari wakilala popote. Walijenga nyumba za kukaa kando ya ziwa, wakalima mboga, na wakawa na chumba cha giza chenye maji ya kutosha. Jangwani walishuka kwa siku kadhaa, wakajificha penye visima ambako pundamilia, twiga na oriksi walilazimika kuja, kisha wakapanda tena mlimani kusafisha filamu. Maji yalimleta mnyama mbele ya lenzi, na maji yakaamua mpiga picha alale wapi. Filamu yao *Simba* ilitoka 1928.

Mwaka huohuo waliingia Serengeti kwa magari kutoka Nairobi. Uwanda ule wa majani mafupi, mkavu nusu ya mwaka, uliwafaa sana wenye magari, kwa kuwa ungeweza kuendesha kutwa bila kukuta mti. Simba hawakuliogopa gari. Hawakuona mtu, waliona kitu kimoja kikubwa kisicho na harufu ya kuwindwa. Basi madereva wakabuni mbinu ambayo leo ingemfikisha mtu mahakamani: walimpiga risasi pundamilia au nyumbu, wakamfunga kwa kamba nyuma ya gari, wakamburuta hadi penye mwanga mzuri. Baadhi ya simba walizoea hata mlio wa bunduki, wakawa wanaufuata kama mwito wa chakula. Picha nyingi za simba wa miaka ile, wakiwa wametulia hatua chache kutoka kwa gari, zilipatikana hivyo.

Gari hilohilo liliwarahisishia wawindaji. Walimpiga simba kutoka kitini, wengi kwa siku chache. Denys Finch Hatton, mwindaji wa kulipwa aliyekuwa akiishi Kenya, aliandika katika gazeti la *The Times* la London kuyalaani mauaji hayo na kutaka kamera ichukue nafasi ya bunduki. Mwaka 1929 sehemu ya Serengeti ikafanywa hifadhi ya wanyama. 1951 ikawa hifadhi ya taifa.

Nyumba ya magurudumu kwa maana ya leo, yenye kitanda, jiko na choo ndani yake, ilifika na Attilio Gatti. Mwitaliano huyu aliyehamia Marekani alikwisha kufanya misafara kadhaa Afrika kabla ya 1938, alipotengenezewa matrela mawili makubwa yaliyovutwa na malori ya International. Aliyaita mashua za porini. Yakiegeshwa ubavu kwa ubavu yaliunganishwa kuwa nyumba moja yenye vyumba vitano, umeme na kipoza hewa. Aliyapeleka Kongo ya Kibelgiji kupiga picha za okapi na gorila wa milimani. Yalikuwa ya ajabu, na pia yalikuwa mazito mno kwa madaraja ya miti na matope ya msituni. Matangazo ya biashara yaliyasifu kuliko barabara zilivyoyapokea. Hakuna aliyemwiga.

Kilichoshinda kilikuwa kitu chepesi na kisicho na starehe. Land Rover ilitoka kiwandani 1948, na kwa miaka 30 ndiyo iliyokuwa chumba cha kulala, duka la spea na kibanda cha kujifichia wanyama. Godoro lilitandikwa juu ya masanduku ya lenzi. Mfuko wa maharage uliwekwa juu ya ukingo wa dirisha ili lenzi ndefu ikae bila kutikisika, na maharage yakiisha kazi hiyo yalipikwa. Mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa porini wa Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, lakini kambi yao ilitegemea magari ya chini. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka tarehe 10 Januari 1959, akiwa na miaka 24. Filamu yao, *Serengeti darf nicht sterben*, ilipata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata.

Mpiga picha Hugo van Lawick aliishi maisha hayo kwa muda mrefu upande wa Tanzania. Yeye na mkewe wa wakati huo, Jane Goodall, wakiwa Serengeti walimwona tai mweupe akiokota jiwe kwa mdomo, akisimama wima, na kulirusha juu ya yai la mbuni mpaka likapasuka. Taarifa yao ilichapwa katika jarida la *Nature* mwaka 1966, na picha zikaonyesha kwamba ndege huyo naye hutumia chombo. Van Lawick aliendelea kuweka kambi Ndutu, kusini mwa Serengeti, kwa miongo kadhaa, akafariki Dar es Salaam 2002 na kuzikwa kambini kwake. Si mbali na hapo, karibu na Oldupai, kuna kitu kinachofanana na jangwa la picha za kalenda: tuta jeusi la majivu ya volkano lenye umbo la mwezi mwandamo, ambalo upepo hulisukuma mita kadhaa kila mwaka.

Kwa muda wote huo kamera ilishikwa na wageni na usukani mara nyingi ukashikwa na wenyeji. Mpiga picha Mohamed Amin alivunja mpango huo kwa sehemu. Alikulia Dar es Salaam, akaanzisha Camerapix humo mwaka 1963, na baadaye kutoka Nairobi akapeleka magari hadi Ziwa Turkana. Kitabu chake *Cradle of Mankind* kilitoka 1981.

Ukanda wa Buseresere wenyewe uliachwa nje ya ramani ya wapiga picha, na sababu si uhaba wa wanyama. Miombo ya Biharamulo na Uzinza ilikuwa ya mbung'o, na mbung'o hukifuata chombo kinachotembea, hasa cha rangi ya bluu au nyeusi, na hujaa ndani ya gari kabla dirisha halijafungwa. Malori yaliyozoeleka huko yalikuwa ya pamba, na ya mgodi wa Geita uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707. Upande wa mashariki, daraja la Kigongo-Busisi, lenye takriban kilomita 3, lilifunguliwa 2025, na gari linalotoka Buseresere kwenda lango la Ndabaka la Serengeti halingoji tena kivuko.

Kanuni za hifadhi sasa zinakataa karibu yote waliyofanya waanzilishi: kuacha barabara, kulisha wanyama, kutembea na gari usiku. Magari ya kulala yenye hema juu ya paa hupangiwa kambi na huondoka na taka zake.

Hifadhi nyingine iliyo jirani na Buseresere ni Rubondo, kisiwa ambako Grzimek alileta sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969. Hakuna barabara ya kwenda huko. Gari huachwa Kasenda, na mizigo hushushwa na kubebwa kwa mikono hadi kwenye boti.