Steringi aliyevaa sketi



Wiki hii nimepotea kidogo, mitihani imetubana. Jana usiku tukajipa mapumziko, watu saba ndani ya chumba cha wanne, tukaangalia Deadpool kwenye kompyuta ya mshkaji. Kwa ambao hamjaiona: ni picha ya mwaka 2016, steringi ni Ryan Reynolds. Mdomo haufungi, anatukana, anaua huku anachekesha, tena anageuka kuongea na sisi watazamaji. Jamaa mmoja akasema, "Steringi wa hivi hawezi kuwepo kweli." Nikamjibu, wewe hujakaa Kigoma. Ziwani kwetu aliwahi kuletwa mmoja, tena na serikali ya Uingereza.

Aliitwa Geoffrey Spicer-Simson.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Ziwa Tanganyika lilikuwa la Wajerumani. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo wakaleta meli nzima vipande vipande: Graf von Götzen, iliyoshushwa majini Februari 1915. Walikuwa pia na Kingani na Hedwig von Wissmann. Waingereza wakaamua kutuma boti mbili ndogo, za mita 12 hivi, zipitie Kongo mpaka ziwani.

Kiongozi? Huyo Spicer. Novemba 1914 meli aliyokuwa akiisimamia ilipigwa torpedo yeye akiwa nchi kavu, akaishia kuwekwa ofisini. Boti alitaka ziitwe Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Akaja na Mimi na Toutou, wakakubali, hawakujua kwamba kwa Kifaransa cha kitoto ni yale yale: paka na mbwa. Mswahili naye anajiuliza, "Mimi" gani tena anayekwenda vitani?

Jamaa alikuwa na michoro ya nyoka mwilini, anatembea kambini na sketi, na stori zake za kujisifu haziishi. Halafu akashinda! Desemba 26, 1915 waliiteka Kingani, wakaibadilisha jina kuwa Fifi. Februari 9, 1916 wakaizamisha Hedwig. Siku iliyofuata Graf von Götzen ikapita mbele yao. Vijana wake wakataka kwenda, yeye akagoma. Haikupigwa hata risasi moja. Baadaye mwaka huo akarudi kwao mgonjwa, na nishani akapewa.

Hapa ndipo chumba kizima kilikuwa kinacheka, na mimi nacheka nao. Lakini subirini kidogo.

Zile boti zilifikaje ziwani? Zilishushwa Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume, Katanga. Kutoka hapo hakuna reli, kuna milima ya Mitumba. Zikavutwa na mashine za mvuke na maksai, na mbele yake mamia ya vibarua Waafrika wanafyeka msitu, wanapasua njia, wanajenga madaraja. Sketi ya Spicer tunaijua, mpaka kwamba mkewe ndiye aliyeishona. Jina la aliyebeba gogo la daraja simjui hata mmoja, na nimetafuta maktaba wiki mbili.

Nadhani steringi wa vichekesho anaruhusiwa kuvurunda kwa sababu kuna wengine wanabeba mzigo nje ya kamera. Yeye anabaki na stori, wao wanabaki na mabega yanayouma.

Hata sinema ilikuja. C. S. Forester aliandika riwaya mwaka 1935, ikawa picha mwaka 1951, The African Queen, na Humphrey Bogart akapata Oscar kwa kuigiza nahodha mlevi mchafumchafu. Mle ndani meli ya Wajerumani inazama, picha inaisha.

Kwetu mwisho wa reli haikuishia hapo. Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 26, 1916, baada ya kupaka mashine grisi nzito ili zisioze. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina mnalolijua wote: Liemba. Bibi yangu alipanda Liemba na magunia yake ya dagaa. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wa Kongo kwao. Mwaka 2015 ilikwenda Kagunga kuwachukua Warundi waliokuwa wamerundikana ufukweni, ikawaleta Kigoma.

Meli ambayo steringi aliiogopa ndiyo iliyookoa watu. Haina mdomo, haijisifu, na Hollywood waliizamisha.

Mwenye babu au bibi aliyesimuliwa habari za wale vibarua wa Mitumba, tafadhali amuulize majina kabla hajatutoka. Mimi likizo naanza na wazee wa Ujiji.

Pepa ya kwanza Jumatatu, niombeeni.