Moja kwa milioni 73: hesabu iliyomfunga mama

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze historia ya hesabu. Mada ni uwezekano wenye masharti, yaani uwezekano wa jambo A ukishajua kwamba jambo B limetokea. Wengi wetu tuliikariri fomula yake, tukafanya mtihani, tukaisahau. Kumbe kuipuuza kunaweza kumpeleka mtu jela.

Tuanze na rahisi. Ukirusha dadu mbili, uwezekano wa kupata sita zote mbili ni 1/6 × 1/6, yaani 1/36. Tunazidisha hivyo kwa sababu dadu ya kwanza haiathiri ya pili. Sasa chukua mfuko wenye mipira miwili myekundu na miwili ya buluu. Toa mmoja bila kuangalia, kisha mwingine bila kurudisha wa kwanza. Uwezekano wa wa kwanza kuwa mwekundu ni 2/4. Ukishajua ni mwekundu, uwezekano wa wa pili kuwa mwekundu ni 1/3. Kwa hivyo wote wawili ni 2/4 × 1/3 = 1/6, si 1/4.

Aliyelitazama swali hili kutoka upande wa pili ni Thomas Bayes, mhubiri wa Kipresbiteri huko Uingereza. Alifariki mwaka 1761 bila kuichapisha kazi yake. Rafiki yake Richard Price aliikuta kwenye makaratasi, na mwaka 1763 ikasomwa mbele ya Royal Society mjini London. Mwaka 1774 Mfaransa Laplace alifikia wazo lilo hilo kivyake.

Wazo lenyewe ni hili. Tuseme una barua pepe 100, na 40 kati yake ni barua taka. Neno "bure" limo katika barua taka 20 na katika barua nzuri 5. Je, ukijua barua ni taka, uwezekano wa kuwa na "bure" ni ngapi? 20/40, nusu. Na ukiona "bure", uwezekano kwamba barua ni taka? 20/25, asilimia 80. Ni maswali mawili tofauti yenye majibu mawili tofauti. Mwaka 2002 Paul Graham aliandika makala iliyoeneza njia hii ya kuchuja barua taka, na sisi waandishi wa programu tukaipenda sana.

Sasa twende mahakamani. Sally Clark, wakili wa Uingereza, alifiwa na mtoto mchanga mwaka 1996, na mwingine mwaka 1998. Alishtakiwa kwa mauaji. Daktari wa watoto, Roy Meadow, aliambia mahakama kwamba uwezekano wa kifo cha ghafla cha mtoto mchanga katika familia kama ile ni 1 kwa 8,543. Ukizidisha namba hiyo kwa yenyewe unapata karibu milioni 73. Novemba 1999 baraza la mahakama lilimpata na hatia, kwa kura 10 dhidi ya 2, akafungwa maisha.

Kosa la kwanza: watoto wale walichukuliwa kama dadu. Ndugu wa tumbo moja wana damu moja na nyumba moja. Kifo cha kwanza kinaweza kubadilisha uwezekano wa cha pili, kama ule mpira wa kwanza.

Kosa la pili ni kugeuza swali. Hata kama 1 kwa milioni 73 ingekuwa sahihi, ungekuwa uwezekano wa vifo hivyo kutokea kwa sababu za kawaida, wala si uwezekano kwamba mama hana hatia. Mama kuua watoto wake wawili wachanga nako ni nadra mno. Ilipasa kulinganisha nadra hizo mbili.

Mwaka 2001 Royal Statistical Society ilitoa taarifa kuipinga namba hiyo. Clark aliachiliwa Januari 2003, hasa baada ya kugunduliwa kwamba matokeo ya vipimo vya bakteria vya mtoto wa pili hayakuwa yametolewa kwa upande wa utetezi. Alifariki mwaka 2007.

Kichujio changu kikikosea, napoteza barua moja. Ndiyo maana siku hizi nikipewa asilimia yoyote huuliza kwanza: hiyo ni ukishajua nini?