Nyimbo za Lugha Nyingi: Tulizopokea na Tulizotoa



Ukifungua ukurasa wa ratiba utaona kwamba leo, katika jubilei yetu ya miaka 25, kutaimbwa kwa Kilatini, Kiswahili, Kiingereza, Ekegusii, Dholuo, Kimaasai na Kikuria. Hiyo ya mwisho inaletwa na wageni wetu kutoka ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Katika mikutano ya maandalizi baadhi yenu mliniuliza: kwa nini tusiimbe Kiswahili tu, ambacho kila mtu anakielewa? Wazee wetu nao waliuliza kinyume chake: kwa nini Ekegusii kimepewa wimbo mmoja tu? Kamati iliniagiza nijibu maswali yote mawili kwa njia ya historia. Mimi ni mwalimu, si mwanahistoria, lakini nimejaribu.

Nianze na wimbo ambao kila mtoto wa Nyacheki huuimba kwenye gwaride la shule bendera ikipandishwa. Mwaka 1963, uhuru ukikaribia, watu watano walipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa. Walikuwa Graham Hyslop, Mwingereza. George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda. Thomas Kalume wa Pwani. Pamoja na Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakukopa tuni ya bendi ya Ulaya. Walichukua wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, watu wa mto Tana, wakautilia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kwa hiyo kila tunaposimama wima kwa heshima ya nchi, tunaimba sauti ya mama wa Kipokomo anayemlaza mtoto wake. Wengi wetu hatujawahi kufika mto Tana.

Katika Kanisa mambo yalianzia mbali zaidi. Wamisionari wa Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Misa waliyotuletea ilikuwa ya Kilatini. Mababu zetu waliijifunza kwa masikio. Bado wapo wazee parokiani watakaokuimbia Kyrie na Gloria mwanzo hadi mwisho, ingawa ukiwauliza maana ya neno moja moja watacheka. (Kyrie, kwa taarifa yenu, si Kilatini hata kidogo. Ni Kigiriki, kilichobaki ndani ya Misa ya Kilatini. Mgeni alipokelewa na mgeni.) Ruhusa pana ya kutumia lugha za watu ilitoka kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, siku nane tu kabla ya uhuru wa Kenya. Hati hiyo ilisema pia kwamba muziki wa asili wa mataifa ya misheni upewe heshima na nafasi yake.

Lakini Waafrika hawakungoja hati. Mwaka 1958 huko Kamina, Kongo, wavulana na walimu wa shule moja, wakiwa na padre Mbelgiji Guido Haazen, waliimba Misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za Kikongo. Ndiyo Missa Luba. Mwaka huohuo waliipeleka Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na Wazungu wakasikia maneno yao ya zamani yakirudi nyumbani yamevaa nguo nyingine. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na Padre Stephen Mbunga, ambaye mwaka 1963 alitoa kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda, Roma ilisikia utenzi wa Joseph Kyagambiddwa juu ya mashahidi hao, alioutunga kwa Kiganda. Nasi Wakenya hatukubaki nyuma. Muungano National Choir chini ya Boniface Mganga iliirekodi Missa Luba, na santuri ikatoka mwaka 1990, ikiwa pia na nyimbo za makabila ya Kenya. Wimbo wa Kongo kwa maneno ya Kilatini, umeimbwa na Wakenya.

Sasa nije kwa jambo ambalo wanakwaya wenzangu wanalijua kwa mateso ya mazoezi. Maneno ya lugha moja hayakubali tuni ya lugha nyingine kwa urahisi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: BWAna, uPENdo, mbiNGUni. Tuni nyingi za Kiingereza huishia na pigo zito, maana ndivyo mistari yao inavyoishia. Ukiweka neno "Bwana" pale mwishoni, pigo linaangukia "na", nasi tunajikuta tukiimba "bwaNA" kama watu wanaojifunza lugha juzi. Tumezoea hata hatusikii kosa. Ekegusii ni kigumu zaidi, kwa sababu sauti hupanda na kushuka ndani ya neno lenyewe na maana hufuata. Tuni iliyotungwa London haikujua hilo. Tena tuna irabu saba, Kiswahili kina tano, na mwenye kuandika maneno yetu kwa herufi tano anaachia msomaji kazi ya kubahatisha. Kilatini, ajabu, hakitusumbui: irabu zake huimbwa karibu kama za Kiswahili. Nimeona watoto wa darasa la nne wakitamka Sanctus vizuri kuliko wanavyotamka nyimbo za Kiingereza.

Mahali tulipofundishwa kujali haya ni Tamasha la Muziki la Kenya. Lilianza mwaka 1927, wakati huo likiwa la walowezi, na baadaye likawa la shule na vyuo vyote, kuanzia kanda hadi taifa. Ni tamasha la lugha nyingi kweli. Mtoto wa Kisii husimama akaimba wimbo wa Wataita au kughani shairi la Kifaransa, na mwamuzi humkata alama kwa matamshi. Nilipokuwa chuo cha ualimu tuliimba wimbo wa Waluo. Tulijiona mabingwa. Mwamuzi akasifu sauti, halafu akauliza wimbo unasema nini. Watu arobaini na hakuna aliyejua. Mwenzetu mmoja alijaribu kusema ni wa harusi. Ulikuwa wa kilio.

Ndiyo sababu leo kila kwaya, kabla ya kuimba, itatueleza kwa sentensi mbili za Kiswahili wimbo wake unahusu nini. Nawaomba msinong'one wakati huo.

Mambo haya sasa ni ya dunia nzima. Mashindano makubwa ya kwaya yanayoitwa World Choir Games, yaliyoanza Linz, Austria, mwaka 2000, yaliingia Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2018 huko Tshwane, Afrika Kusini. Na vijana wetu waliotulazimisha kujifunza "Baba Yetu" ya Mmarekani Christopher Tin wanajua kwamba ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, ikashinda tuzo ya Grammy mwaka 2011. Kwaya za mbali zinaikariri silabi kwa silabi kama babu zetu walivyokariri Kyrie.

Nimebaki na swali la wazee, na hapa lazima nikiri. Kama katibu natunza madaftari matatu ya nyimbo. Nyimbo za Kiswahili zimo kwa solfa, sauti zote nne. Nyimbo za Kiingereza na Kilatini zimo. Za Ekegusii niliandika vichwa tu, kwa sababu niliamini kila mtu anazijua. Omong'ina aliyekuwa akituimbisha, ambaye hakuhitaji daftari, alitangulia mbele za Bwana kabla sijaketi naye. Tulipoanza mazoezi ya jubilei, kila mmoja alikuja na kipande chake: huyu ubeti wa kwanza, yule kiitikio, besi wakibishana. Wimbo mmoja tu ndio tuliweza kuupata mzima, kwa msaada wa mzee anayepiga obokano, kile kinubi chetu cha nyuzi nane. Huo ndio mtakaousikia leo baada ya Komunyo. Haukupewa nafasi moja kwa dharau. Ndio uliobaki.

Mzee amekubali kurekodiwa kwenye simu, na vijana wawili wa tena wanajifunza kwake kila Jumamosi baada ya mazoezi. Kurasa mbili za mwisho za kitabu hiki tumeziacha wazi. Kama unakumbuka maneno ya wimbo wowote tuliouimba zamani kwa Ekegusii, hata mstari mmoja, uandike hapo pamoja na jina la aliyekufundisha, uchane ukurasa, unikabidhi mlangoni. Nitakuwa upande wa kulia, karibu na meza ya sadaka. Asiyeweza kuandika aje aniimbie, nami nitaandika.