Kutembea kwa Nani? Historia fupi ya kwenda Ziwa Rukwa bila shughuli

Kiswahili kimeweka mambo mawili ndani ya neno moja. Mtu anayetembea anaweza kuwa anasogeza miguu barabarani, na anaweza kuwa amekwenda kukaa siku tatu kwa shangazi yake Vwawa. "Nakuja kutembea" maana yake nakuja bila dai, bila biashara, bila msiba. Utalii ni neno jingine kabisa. Hilo linakaa wizarani, lina vibali, takwimu na mabango ya simba, na katika maongezi ya kawaida nyumbani kwetu huwezi kumsikia mtu akisema, "Jumamosi nitatalii."

Nililifikiria jambo hili nikiwa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, iliyomegwa kutoka Chunya wakati Mkoa wa Songwe ulipozaliwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mkwajuni iko chini, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Ukitoka Mbeya na sweta lako kupitia Mbalizi na Galula, sweta unalivua njiani, ukifika unatafuta kivuli. Mbele zaidi, upande wa kaskazini-magharibi, liko Ziwa Rukwa. Kazi yangu ya uandishi ilikuwa imeisha, nilikuwa na siku moja mkononi, nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke ziwani.

"Unafuata samaki, kaka?"

"Hapana. Nakwenda kutembea tu."

"Una ndugu kule?"

"Sina."

Akaniangalia. "Sasa unatembea kwa nani?"

Hakuwa ananikejeli, aliuliza kwa nia njema kabisa. Swali lake lina historia ndefu kuliko sisi wawili, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Tuanze na wale waliokuwa na sababu ya kwenda. Kusini mwa ziwa, Ivuna, kwenye Wilaya ya Momba ya leo, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba pale, na wakaonyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi mahali hapo karne nyingi kabla Mzungu yeyote hajalichora ziwa hili. Chumvi haimsubiri mtu jikoni kwake. Inafuatwa kwa miguu, na anayeifuata anahitaji pa kulala, chakula na mtu wa kumwonyesha njia. Kwa hiyo ziwa lilikuwa na wageni wake tangu zamani, na kila mgeni alikuwa na mwenyeji.

Upande wa kaskazini wa bonde hilohilo, lilipo Ziwa dogo la Katavi, watu walikwenda kwa sababu nyingine. Pana mti wa mkwaju ambao, kwa imani ya wenyeji, ni makazi ya mzimu wa mwindaji mashuhuri aitwaye Katabi. Watu wameendelea kuacha sadaka chini ya mti huo na kuomba baraka. Hifadhi ya Taifa ya Katavi imechukua jina lake kwa mwindaji huyo. Nilipenda kugundua kwamba mji niliokuwa nimelala, Mkwajuni, na ule mti wa Katabi vinatumia jina moja. Sidai kwamba kuna uhusiano, maana mikwaju ni mingi katika nchi ya joto. Lakini inafaa kukumbuka kwamba kabla ya geti kulikuwa na mti, na mti huo ulikuwa na utaratibu wake wa kuingia na kutoka.

Kisha mwaka 1880 akaja mtu aliyeliangalia ziwa kwa macho ya kuliandika. Joseph Thomson, kijana wa Scotland mwenye umri wa miaka 22, alikuwa ameurithi uongozi wa msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho mwaka 1879. Aliliona ziwa kutoka juu, kwenye ukuta wa bonde unaoitwa Lyamba lya Mfipa, akalipa jina la Leopold, mtoto wa Malkia Victoria. Jina hilo halikushika. Ziwa limebaki Rukwa, na Leopold amebaki kwenye ramani za kale.

Vitabu husema Thomson "aliongoza" msafara ule. Lakini nyapara wa wapagazi alikuwa Chuma, Myao, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa watu waliousafirisha mwili wa Livingstone hadi pwani. Chuma ndiye aliyejua kuishi na wapagazi na kuongea na machifu. Msafara ulipofika bonde la Rukwa, kila mmoja wa wawili hao alikuwa na kazi yake. Mmoja alitoa jina, mwingine alikuwa na watu wa kuhesabu, mizigo ya kukagua na chakula cha jioni cha kutafuta. Kwangu mimi, kutalii kumeingia bonde la Rukwa siku ile, na kumeingia pamoja na mgawanyo wake wa kazi: kuna anayetazama, na kuna anayebeba.

Wajerumani wakaleta sheria. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni, na akatenga maeneo mawili ya kwanza ya kuhifadhi wanyama, moja Rufiji na jingine karibu na Kilimanjaro. Eneo la Rufiji, lililokuja kukua na kuitwa Selous, wananchi walilipa jina lao: Shamba la Bibi, kwa masimulizi kwamba Kaiser alimzawadia mkewe. Iwe kweli, isiwe kweli, jina linaonyesha jinsi jambo lilivyoeleweka: pori limekuwa shamba, na shamba lina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Mwaka 1911 zamu ikafika kwetu. Eneo la Katavi likahifadhiwa, na Waingereza walipolirithi likaitwa Pori la Akiba la Rukwa.

Kuanzia hapo neno moja likagawanyika. Mtu anayeua mnyama akawa wa aina mbili: mwindaji, mwenye karatasi, na jangili, asiye na karatasi. Mnyama ni yuleyule.

Mfano wa karibu ni dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Ilipogunduliwa miaka ya 1920, Wazungu wa kila namna walimiminika. Miaka ya 1930 Lupa ilikuwa na pilikapilika, na Saza, jirani kabisa na Mkwajuni, ukafunguliwa mgodi uliokuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika ya wakoloni. Mmoja wa waliopita Lupa ni Mwingereza George Rushby. Maisha yake yanasomeka kama riwaya: aliwinda tembo kwa ajili ya pembe, tena wakati mwingine bila kibali, akachimba dhahabu Lupa, kisha akaajiriwa na Idara ya Wanyamapori na kuwa maarufu kwa kuwaua simba walakuwatu wa Njombe miaka ya 1940. Jangili wa zamani akawa mlinzi, na akaandika kitabu. Ninajiuliza Mbungu mmoja aliyefanya nusu ya hayo angeishia wapi. Si kwenye rafu za vitabu.

Wakati huo ziwa lenyewe lilikuwa na mambo yake. Rukwa halina mto wa kutoka. Maji ya Songwe, Momba na mito mingine yanaingia, na njia yao ya kutoka ni jua. Kwa hiyo linapanuka na kunywea. Mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa kilometa 50 hivi. Miaka kumi baadaye lilifika kilometa 128. Likijaa vizuri hupita kilometa 180. Mtu aliyezaliwa ufukweni anaweza kukua akiwa mbali na maji na kuzeeka yakiwa mlangoni. Ziwa la namna hiyo linakataa hoteli ya "mita hamsini kutoka ufukweni," na labda ni moja ya sababu zilizolifanya lisahaulike na wauza safari.

Nyika hizo zinazofurika na kukauka zilikuwa pia kitalu cha nzige wekundu. Wimbi lililoanza kuzunguka mwaka 1930 lilitokea Rukwa na mabwawa ya Mweru wa Ntipa, likasambaa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta hadi katikati ya miaka ya 1940. Mwaka 1949 ikaundwa taasisi ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Kwa miaka mingi wageni waliolijua bonde hili vizuri zaidi walikuwa wataalamu wa nzige. Walikuja kuangalia mayai kwenye nyasi, na humo humo wakawaona sheshe, twiga na makundi ya ndege.

Uhuru ulipokaribia, swali la kijana wa bodaboda likafika Ikulu. Septemba 1961, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tamko la kuahidi kuwatunza wanyamapori. Hilo wengi tunalijua. Kuna kauli yake nyingine inayonukuliwa sana, kwamba yeye binafsi hakuwa mpenzi sana wa wanyama na hakutaka kutumia likizo yake kuangalia mamba, lakini aliunga mkono watunzwe, kwa kuwa baada ya almasi na mkonge wao ndio wangeiingizia nchi fedha nyingi zaidi.

Naipenda kauli hii kwa ukweli wake. Lakini tazama ilichofanya. Imemweka Mtanzania upande wa muuzaji. Mnunuzi ni mgeni, na bidhaa ni mamba. Rukwa ina mamba wengi na sifa zao zinajulikana. Mvuvi wa ziwa hili hahitaji likizo ili awaone. Mwaka 1974 Katavi ikawa Hifadhi ya Taifa, na leo ina kilometa za mraba 4,471. Upande wa magharibi wa Ziwa Rukwa kuna Pori la Akiba la Uwanda. Mwaka 2005 Kitulo, ambayo wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kwa maua yake, nayo ikawa hifadhi. Karibu kila mahali pazuri Nyanda za Juu Kusini sasa pana hadhi kisheria. Mara nyingi hilo limepaokoa, sibishi. Bila ulinzi tusingekuwa na viboko wa Katavi wa kuandikia.

Ila gharama yake tuitaje pia. Kuanzia mwaka 2006 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa bonde la Usangu, na mwaka 2008 Hifadhi ya Ruaha ikapanuliwa kulimeza. Baadaye ukaja mradi wa REGROW, wa kukuza utalii wa kusini kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2017. Malalamiko ya wanavijiji wa Mbarali kuhusu kuondolewa na kunyanyaswa yaliifikia Benki, fedha zikasimamishwa Aprili 2024, na mwisho wa mwaka huo mradi ukafutwa. Mbarali si mbali na Mkwajuni. Mtu wa huku akisikia kwamba mahali pake pana "fursa za utalii," ana haki ya kuuliza anahamishiwa wapi.

Kuna wageni wa aina moja ambao wamenipa matumaini. Ni wachimba visukuku. Karibu na Galula na mto Songwe, miamba ina mifupa ya viumbe wa zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, na watafiti wa Tanzania na wa kutoka nje wameviita kwa lugha yetu. Mwaka 2010 wakatangaza Pakasuchus, mamba wa kale mwenye umbo dogo na meno yanayokumbusha ya paka. Mwaka 2014 Rukwatitan. Mwaka 2017 Shingopana songwensis, dinosaria mwenye, ndiyo, shingo pana. Na mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia: mnyama wa Mtuka, korongo alimopatikana, na moyo wa mkia, kwa sababu pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Linganisha na Leopold. Miaka 139 ilipita kati ya jina lile na hili, na safari hii mtoto wa shule ya Galula anaweza kulisoma jina la kisayansi la dunia nzima na kucheka kwa kulielewa.

Siku ile nilifika ziwani. Niliona mitumbwi, nyavu zilizoanikwa, perege na kambale kwenye beseni, na mama mmoja aliyenipa kigoda na kuniuliza natoka kwa nani. Nikamwambia Mbeya. Akasema, "Basi karibu," akaendelea kupanga samaki wake. Nilikaa saa mbili. Watoto waliacha kuogelea wakaja kunitazama, kisha wakarudi majini. Mimi ndiye niliyekuwa kivutio.

Wale watoto ndio hoja yangu. Walikuwa wakifanya kile ambacho vipeperushi vinakiuza kwa dola: kuogelea, kucheza, kukaa na ziwa mchana kutwa. Hakuna takwimu inayowahesabu kuwa wageni, na ni sawa, kwa kuwa si wageni. Lakini siku mpango utakapokuja, wa hoteli, wa hifadhi, au wa hiyo gesi ya heliamu iliyotangazwa bondeni mwaka 2016, waandaaji watauliza nani analitumia ziwa hili kwa mapumziko, na jibu kwenye karatasi litakuwa "hakuna."

Kwa hiyo tuliandike mapema. Tuandike majina ya fukwe kama Wabungu na Wawanda wanavyoziita, nani anaoga wapi, mkwaju gani una mwenyewe. Na ukipata siku yako moja, nenda. Utaulizwa unatembea kwa nani. Tafuta jibu kabla hujapanda bodaboda.