Jua la Utosi na Nyuso za Picha za Kale

Katika mwaka 1860, James Augustus Grant, askari wa Kiskoti aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chimbuko la Mto Nile, alipiga picha katika mji wa Unguja. Picha zake ni miongoni mwa za mwanzo kabisa zilizopigwa katika pwani hii. Mara nyingi mwenye kutazama picha za nje za karne ile, za Grant au za waliomfuata, hukuta nyuso kavu, macho yaliyozama gizani, na mbingu nyeupe kama karatasi. Ni rahisi kudhani kuwa watu wale walikuwa na huzuni au ukali. Lakini yafaa kwanza iulizwe saa.

Dawa ya kolodioni, iliyotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilipakwa juu ya kioo, na kioo kikatiwa katika kamera kingali kibichi, kisha picha ikasafishwa kabla hakijakauka. Dawa hiyo ilikuwa nzito kupokea mwanga. Mtu alilazimika kutulia kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo mpiga picha alilitamani jua kali. Nalo jua la Unguja, kisiwa kilicho kama digrii 6 kusini ya ikweta, husimama utosini wakati wa adhuhuri katika miezi ya Machi na Oktoba, hata mtu akakanyaga kivuli chake mwenyewe. Nyusi huyafunika macho kwa kivuli, na pua huufunika mdomo. Jicho la mwanadamu huona mchanga ung'aao na kivuli cha mwembe kwa pamoja, kioo hakiwezi. Kikipimwa kwa kanzu nyeupe, uso hupotea. Kikipimwa kwa uso, kanzu huwa doa tupu.

Tena kioo kile kilipokea rangi ya buluu tu na miali iliyo jirani yake. Ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi kuliko ilivyokuwa, na nguo nyekundu vivyo hivyo. Mjerumani Hermann Vogel alianza kulirekebisha jambo hili mwaka 1873 kwa kutia rangi katika dawa, lakini baadhi ya picha za Waafrika zilizomo katika hifadhi za Ulaya zilikwisha pigwa.

Waliokaa barazani, mwanga ukiwajia kutoka ukuta mweupe wa ng'ambo, macho yao yanaonekana.