Diski Inayooana: Istilahi ya Upatanifu Mbele ya Kaunta

Barabara ya lami inayotoka Mwandiga kwenda Manyovu inapita Kalinzi, na ndiyo inayoteremsha kahawa ya milimani kuelekea Kigoma mjini. Hiyohiyo huifuata karani wa chama cha ushirika, mwalimu wa sekondari au mwenye steshenari, pale kompyuta yake ya mezani inapowaka na kuishia kwenye maandishi meupe juu ya kioo cheusi, ikidai haioni diski. Anafika dukani, anaomba diski ya GB 500, analipa. Jioni yuko Kalinzi, kasha liko wazi mezani, na waya hauingii. Nauli imekwenda na kazi imelala.

Ujazo aliutaja sawasawa. Alichokosa ni neno la kuulizia jambo la pili, lililo zito kuliko ujazo: je, diski hii na mashine yangu zinaweza kufanya kazi pamoja?

Maandishi ya TEHAMA ya Kiswahili huliita jambo hilo upatanifu, na wapo waandishi wanaopendelea utangamanifu. Kwenye simu zenye menyu ya Kiswahili, programu isiyofaa kifaa husemwa kwamba haioani nacho. Mafundi wana yao: mashine "inaisoma" diski au "haisomi", "imeikubali" au "imeikataa". Sina ugomvi na upatanifu katika kitabu cha kiada. Lakini mbele ya kaunta nachagua kitenzi kuoana, na sababu yangu ni ya kisarufi. Ile -ana ya mwisho inadai pande mbili. Huwezi kusema "diski hii inaoana" ukanyamaza; msikilizaji atauliza, inaoana na nini? Nomino upatanifu inaruhusu mtu aseme "hii ni diski patanifu" kana kwamba ni sifa ya diski peke yake, kama rangi au uzito. Hakuna diski ya namna hiyo duniani. Diski iliyo salama kwa kompyuta ya ofisi ya kata inaweza kuwa haifai kabisa kwa ile ya zahanati.

Hata hivyo mzizi wa patana una hazina yake. Kila aliyesoma shule ya msingi anakumbuka upatanisho wa kisarufi: kiti kizuri kimevunjika, viti vizuri vimevunjika. Alama ya ngeli lazima ipite kwenye kila neno la sentensi, na pakikosewa mahali pamoja sentensi nzima inachechemea. Kuoana kwa diski ni hivyohivyo. Umbo, kiunganishi, umeme na ujazo vyote lazima vikubaliane, na kukubaliana kwa vitatu hakufidii kukataa kwa kimoja.

Kiunganishi ndicho kinachoangusha wengi. Kompyuta za zamani, zikiwemo nyingi zilizofika mashuleni kama misaada, zilitumia IDE: waya mpana bapa kama utepe, wenye plagi ya pini 40, pamoja na plagi ya umeme ya pini 4 nene. Kuanzia mwaka 2003 ikaingia SATA, yenye waya mwembamba wa data wa pini 7 na plagi bapa ya umeme ya pini 15. Hizi mbili haziingiliani. Kipo kigeuzi cha kuziunganisha, lakini kwa mashine ya kazi za kila siku nisingekitegemea. Ni sehemu moja zaidi ya kulegea.

Ndani ya SATA yenyewe kuna habari njema, na inafaa ielezwe kwa kirefu kwa sababu wauzaji wengine huitumia kuwatisha wateja. Vizazi vyake ni vitatu, vya kasi ya gigabiti 1.5, 3 na 6 kwa sekunde, na vimeundwa vielewane. Ukichomeka diski ya 6 kwenye ubao mama wa 3, itashuka na kwenda kwa 3. Ubao wa 3 hupitisha takriban megabaiti 300 kwa sekunde, na diski ya sahani zinazozunguka kwa kawaida haifiki hapo, kwa hiyo hupotezi kitu. SSD ya SATA, yaani diski isiyo na sahani za kuzunguka, inayoweza kukaribia megabaiti 550, itabanwa, lakini bado itaipita mbali diski ya kuzunguka. Baadhi ya bodi za kizazi cha kwanza kabisa hushindwa kupatana na diski ya kasi kubwa. Ndiyo maana diski kadhaa zina pini ndogo pembeni za kuwekewa kofia ya kulazimisha kasi ya chini.

Jihadhari na SAS. Hii ni diski ya seva, na ikitolewa kwenye seva iliyostaafishwa huweza kuuzwa kwa bei inayovutia. Kwa macho inafanana na SATA, ila pale SATA inapoacha mwanya kati ya data na umeme, SAS imejazwa. Haiingii kwenye waya wa SATA, na hata ukiilazimisha kwa kigeuzi, ubao mama wa kawaida hauongei lugha yake.

Umbo ni rahisi zaidi. Diski ya kuzunguka ya kompyuta ya mezani ni ya inchi 3.5, ya kompyuta mpakato, pamoja na SSD nyingi za SATA, ni inchi 2.5. Ile ndogo hufanya kazi kwenye mashine kubwa bila shida, inahitaji fremu ya kuishikilia tu. Ngumu ni zile SSD nyembamba za M.2, zinazofanana na kadi ya RAM. Kadi mbili za M.2 zinaweza kuwa na urefu uleule, moja ikizungumza SATA na nyingine NVMe, na tundu la bodi likakubali moja tu. Hapo macho hayatoshi. Soma maelezo ya bodi. Umeme nao usiudharau: kompyuta nyingi za ofisi za Dell na HP zinazouzwa zikiwa zimetumika zina plagi chache za diski, kwa hiyo hesabu plagi iliyo wazi kabla ya kununua diski ya pili.

Sasa ujazo, ambao watu huuanza. Diski ya GB 500 ikionekana kwenye Windows kama 465, hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu gigabaiti kwa bilioni moja kamili, Windows inahesabu kwa 1,073,741,824. Mtego wa kweli uko kwingine: SSD nyingi ni za 480, na ukitaka kunakili diski nzima ya 500 kwenda 480, programu ya kunakili huweza kukataa mpaka upunguze kwanza ukubwa wa sehemu za diski ya zamani. Na anayetaka kuzidi TB 2 ajue kwamba mpangilio wa zamani wa MBR, kwa diski za kawaida, unaishia hapo. Juu yake unahitajika GPT, na ili Windows iwake kutoka kwenye GPT, lazima mashine iwe na UEFI badala ya BIOS ya kale.

Diski ikishaoana, bado kuna suala la kukatika kwa umeme. Mkoa wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO kwa miaka mingi, hadi Gridi ya Taifa ilipoanza kuufikia mwaka 2022. Umeme ukikatika ghafla, vichwa vya diski ya kuzunguka hulazimika kukimbilia maegesho yao, na maandishi yaliyokuwa njiani hupotea. SSD haina vichwa, lakini nayo inaweza kupoteza data iliyokuwa ikiandikwa. Kwa hiyo hesabu ya diski mpya kwa ofisi ya ushirika inayotunza kilo za kahawa za kila mkulima iwe na UPS ndani yake. Na ile ya zamani isitupwe: mara nyingi mashine ikishindwa kuwaka nayo, fundi bado anaweza kuichomeka kwenye mashine nyingine na kuvuna mafaili.

Kwa anayeshuka mjini kesho: ichomoe diski ya zamani uibebe yenyewe, si jina lake tu. Piga kwa simu picha ya nyaya zilizobaki wazi, ya lebo ya kompyuta na ya maandishi ya ubao mama. Ukifika dukani usiulize kama diski ni nzuri, uliza kama inaoana na hii uliyoishika. Nanyi wauzaji wa Kigoma, iandikeni modeli ya mashine kwenye risiti pamoja na ya diski, na mkubali kuibadilisha ikiwa hazikuoana.